Saa Inayotaka Mkono

Watu wakiingia dukani kwangu kununua dawa ya kupe, huangalia mkono wangu kwanza, kisha uso, kisha huuliza. Duka langu ni la dawa na vyakula vya mifugo, hapa mjini Eldoret. Mwanamke wa umri wangu anayejibebea gunia la chakula cha ng'ombe bila kuita mtu hatarajiwi kuvaa saa ya kiume yenye mkanda wa chuma. Nawajibu kwamba ni yangu, nimeitengeneza mwenyewe, na kama wanataka kujua ni saa ngapi waulize upesi maana nina kazi. Wengi hucheka. Wachache huomba kuisikiliza, na hao mimi huwaongezea kidogo kwenye mizani.

Mimi napenda saa za springi. Nazipenda kiasi kwamba shangazi yangu amewahi kusimama kanisani na kuomba niombewe, akidhani ni ujane ulionitia upweke. Upweke sina. Nina droo nzima ya saa kwenye kabati la vyombo, nyumbani kwangu Kimumu, zimelazwa juu ya vitambaa vya zamani vya kufunikia makochi. Nyingine nilizitoa kwenye mitumba, moja ikiwa ndani ya mfuko wa koti ambalo muuzaji hakuwa amelipekua. Nyingine waliniletea wateja waliposikia kwamba yule mama wa agroveti anachukua saa mbovu. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea ya kwake ndani ya kikopo cha majani ya chai, akaniambia nisimrudishie kama haitapona, kwa sababu hataki kuiona imekufa mara ya pili. Ilipona, na siku alipokuja kuichukua aliivaa pale pale dukani, akaenda zake bila kununua chochote.

Jioni nikishakula naondoa vyombo mezani, natandaza taulo nyeupe ili skrubu ikidondoka isirukie uvunguni, naweka lenzi jichoni na kufungua mgongo wa saa. Kwa muda huo hakuna mtu wa kuniambia kitu. Nimejifundisha kazi hii kwa kuharibu. Saa ya kwanza niliifungua kwa kisu cha kumenyea viazi, na kovu lake bado liko kidoleni. Siku hizi mkono wangu hautetemeki, na nikisema saa fulani itatembea, hutembea. Sijidai. Kuna watu wanaojua kupika chapati laini na hawaoni haya kusema hivyo.

Wanangu, ambao wamekuwa watu wazima na wanafanya kazi Nairobi, hunishauri ninunue ile saa ya kisasa inayohesabu hatua na mapigo ya moyo. Nawaambia wazi kwamba saa ya betri haina habari na mtu. Ivue uitupe kabatini, itaendelea kuhesabu tu. Saa ya springi inataka kitu kutoka kwako. Kuna ile ya kutia ufunguo kila asubuhi, na kuna ile inayojijaza yenyewe mkononi. Hii ya pili ina kipande cha chuma cha nusu duara ndani yake, na kila mkono unapotikisika, chuma kile huzunguka na kukaza springi. Usipoutikisa mkono wako, baada ya siku moja hivi saa husimama. Haina njia nyingine ya kula.

Baba alikuwa na moja ya namna hiyo, na bado anayo. Aliinunua akiwa kijana, dereva wa kombaini ya kuvunia katika mashamba ya ngano, kabla ya kupata kipande chake cha ardhi kule Kapseret na kuanza kufuga ng'ombe wa maziwa. Ni saa ya kawaida kabisa. Uso wake ulikuwa mweupe, sasa una rangi ya maziwa yaliyochemka sana, na kioo kina mikwaruzo ambayo amekataa nisiiguse. Baba ni mtu wa mkono wa kushoto. Shuleni walimchapa hadi wakachoka wao, na mkono ukabaki ule ule. Saa aliivaa kushoto kama watu wengi, kwa hiyo mkono uliovaa saa ndio huo huo uliokata majani ya nepia, uliobeba ndoo, uliopiga nyundo kwenye nguzo za ua.

Nilipokuwa mdogo kazi yangu alfajiri ilikuwa kumshikilia ndama mama yake akikamuliwa. Baba aliegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akapiga mluzi wa chini chini, na saa ikawa inapanda na kushuka kwenye mwanga wa taa ya mafuta huku maziwa yakilia ndani ya ndoo. Akimaliza aliniletea mkono sikioni nisikilize. Mkono wake ulinuka mafuta ya kukamulia. "Hii haikuli betri," aliniambia. "Inakula mkono." Nilimwomba ile saa mara nyingi sana. Alinijibu kwamba nitaipata siku ambayo yeye hana kazi nayo, na nikawa naenda shule nikiitamani, nikaolewa nikiitamani. Hii ninayoivaa sasa ni ya aina ile ile. Niliitafuta kwa miaka, nikaipata imejaa kutu, nikaifufua.

Mambo yaligeuka msimu wa mvua ndefu, mwaka juzi. Mama alikuwa ameshatutoka zamani na Baba alikuwa akiishi peke yake Kapseret na ng'ombe wake. Asubuhi moja aliteleza zizini akiwa na ndoo, akaangukia nyonga, akalala pale kwenye matope bila mtu wa kumsikia. Ndugu yangu mkubwa wa kiume, ambaye anakaa Yamumbi, alikuwa amepanga kumpitia siku hiyo akienda kazini, na ndiye aliyemkuta. Alimbeba hadi kwenye gari na suti yake yote ikaharibika. Hospitalini walisema mfupa haukuvunjika, ila presha iko juu na mzee apumzike. Neno hilo, apumzike, sisi wanawe tulilifanyia kazi kwa bidii kupita kiasi. Tuliuza ng'ombe. Tulifunga nyumba ya Kapseret. Tukamleta Baba kwangu Kimumu, tukampa kochi zuri kuliko yote, runinga, blanketi la miguuni, na msaidizi wa nyumbani wa kumkorogea hata sukari kwenye chai.

Hakulalamika hata siku moja, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Baba ninayemjua hulalamikia chumvi, barabara, serikali na jinsi ninavyofunga lango. Yule aliyekaa kwenye kochi langu alisema "sawa" kwa kila kitu.

Haukupita muda mrefu, akaniita kutoka jikoni. "Msichana, hii saa imekufa. Hebu iangalie." Bado ananiita msichana, na mimi nina mvi.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Hatimaye niliruhusiwa kuifungua ile saa. Niliitandazia taulo safi na nikafanya kazi polepole, nikaosha kila gurudumu, nikatia mafuta mapya kwa ncha ya sindano. Ndani hakukuwa na kosa lolote. Niliivaa dukani siku kadhaa nikipanga magunia, ikatembea bila kupoteza kitu. Nikamrudishia Baba. Kabla ya wiki kuisha ikasimama.

Nikaifungua tena. Nikaivaa tena, ikatembea tena, nikamrudishia, ikasimama. Nikaanza kukasirika, kwa sababu mimi sishindwi na saa. Nilimpelekea fundi mmoja mjini ambaye hunitafutia vipuri, akaiweka kwenye lenzi yake, akaitikisa, akanirudishia. "Mama, hii saa iko fiti kuliko mimi na wewe," alisema. "Enda nayo tu."

Shangazi alipokuja kumjulia hali kaka yake na kusikia habari hiyo, aliweka kikombe chini. "Saa inatembea kwa kila mtu, inakataa mkono ya mzee peke yake," akasema. "Na nyinyi mnaona hiyo ni kitu ya kawaida?" Akaufunika mkono wa Baba na saa yake kwa viganja viwili, akaomba kwa sauti, akamsihi Mungu aongeze siku za mtumishi wake. Baba alisikiliza maombi yote, akasema amina. Shangazi alipoondoka, alifungua mkanda wa saa na kuninyooshea.

"Chukua," alisema. "Wewe ndio unapenda saa. Mimi sina kazi nayo tena."

Nilikuwa nimeitamani saa hiyo maisha yangu yote. Sasa ilikuwa kiganjani mwangu, bado ina joto la mwili wake, na sijawahi kupewa kitu ambacho sikukitaka namna ile. Niliogopa. Niliogopa jinsi alivyoitoa kwa urahisi, bila hata kuiangalia. Nikamfunga tena mkononi kwa nguvu, nikamwambia sijamaliza kuitengeneza, aache mchezo. Akasema sawa.

Wakati huo huo ndugu yangu alikuwa amepata mtu wa kukodi Kapseret, nyumba na shamba lote, kwa miaka mingi. Mtu huyo angekuja mwisho wa mwezi wamalizane. Baba aliulizwa na akasema sawa. Mimi pia nilikuwa karibu kusema sawa, maana nyumba tupu huharibika na ua ulikuwa umeanza kulala.

Jumapili iliyofuata nilirudi kutoka kanisani, nikakaa kwenye kiti mkabala na Baba. Nilikuwa nimechoka, nikawa naangalia tu. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala juu ya mto wa kochi, kiganja chini, saa juu. Ulinyanyuka kuchukua kikombe cha chai, ukarudi pale pale. Kipindi kikaisha runingani, kikaingia kingine, ikaja taarifa ya habari. Mkono ulikuwa pale pale. Niliangalia ule mkono uliozoea panga, ukiwa umelala kwenye mto wenye maua nilioushona mwenyewe, na hapo ndipo kitu ninachokijua kama jina langu kiliponifikia. Saa haikuwa na njaa ya mafuta. Ilikuwa na njaa ya mkono.

Nilienda nyuma ya nyumba nikajifanya naanua nguo, nikalia. Nililia kwa hasira zaidi ya huzuni. Sisi tulimtunza yule mzee vizuri sana, na alikuwa anatuishia mbele ya macho yetu, na katika nyumba nzima kilichokuwa kimetuambia ukweli ni kile kisaa tu. Kisha nikanawa uso, nikampigia ndugu yangu simu nikamwambia aje.

Alikuja jioni hiyo hiyo. Tulikaa jikoni, mlango umefungwa, Baba akiwa sebuleni na runinga yake.

"Saa haina shida," nilimwambia. "Mzee ndiye amesimama."

"Wewe na hizo saa zako."

"Sawa, weka saa kando. Lini umemwona akiinua kitu? Lini amekugombeza?"

"Lakini doctor alisema arest. Ama hukusikia?"

"Alisema arest. Hakusema tumuweke stoo."

Ndugu yangu ni mtu mpole, na niliona neno hilo limemchoma. Alizungusha kikombe mezani muda mrefu. "Wewe hukumwona vile mimi nilimpata," alisema mwishowe. "Alikuwa anaita mama. Ndani ya hiyo matope, anaita mama yetu kama bado ako hai kwa nyumba. Nilifikiria ameenda. Mimi siwezi mpata hivyo mara ingine."

Woga wake ulikuwa wa kweli kama wangu. Tofauti ni kwamba yeye aliogopa Baba afe Kapseret, na mimi niliogopa kwamba ameshaanza kufa Kimumu.

"Nipatie wiki moja," nikamwambia. "Nafunga duka, nakaa na yeye huko Kapseret. Simlazimishi kitu. Ukija Jumamosi upate saa imesimama kwa mkono yake, leta huyo mtu wako na mimi nanyamaza."

"Unataka saa ndio iamue?"

"Mzee anatuambia kila siku ako sawa. Unaamini?"

Alikubali wiki moja tu. Alipoondoka alipitia sebuleni, na nilimwona akiutazama ule mkono.

Tulifika Kapseret siku ya Jumatatu, saa nikiwa nimeitikisa hadi ikatembea kabla ya kumfunga Baba mkononi. Nyumba ilinuka panya na unga wa zamani. Nilifungua madirisha, nikawasha moto, nikapika chai. Baba alichukua kigoda chake akakiweka nje, kikielekea zizi tupu, akaketi. Alikaa hadi giza likaingia. Siku ya pili alikaa vile vile, na asubuhi ya tatu nilipompelekea chai niliona mshale wa sekunde umetulia. Ningeweza kumwambia avue saa anawe uso, kisha niitikise nyuma ya mlango. Nisiseme sikuwaza hivyo. Lakini ningekuwa namdanganya nani? Nikaiacha. Wala sikumpigia ndugu yangu simu, kwa sababu makubaliano yalikuwa ya Jumamosi na Jumamosi haikuwa imefika. Mimi ni mfanyabiashara.

Jioni ya siku hiyo ndoo ililia upande wa pili wa ua. Mmoja wa wale ng'ombe wetu alikuwa amenunuliwa na mama jirani, na tulisikia teke, ndoo kubingirika, na jirani akipandisha sauti.

"Mzee, huyu ng'ombe wako ananitesa!" aliita aliponiona nimechungulia na kumwona Baba nyuma yangu. "Tangu nimnunue anabana maziwa. Ananipea kidogo, ingine anaweka!"

Baba aliinuka. Alitumia mkongojo, alipumzika kidogo kwenye nguzo, akapitia mwanya wa ua ambao sisi watoto tulikuwa tukiupitia tukifuata mpira. Nilimfuata nyuma nikiwa nimenyoosha mikono kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea, akageuka akaniambia nitoe mikono yangu hapo. Alipofika, alimtazama jirani aliyekuwa amechuchumaa.

"Unamkamua kama unakamua nguo," alisema. "Toka."

Mama jirani alicheka akampisha na kumwachia stuli. Baba aliketi, akapaka viganja mafuta, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe. Mluzi wake ulitoka umekauka mwanzoni, ukakatika, ukarudi. Ng'ombe aligeuza shingo akamnusa begani. Halafu nikasikia maziwa yakigonga chini ya ndoo, kwanza kushoto, kisha kulia, kisha kushoto, na saa ikawa inapanda na kushuka. Nilishika waya wa ua kwa sababu nilihitaji kushika kitu. Nilikuwa na furaha ya kitoto kabisa, na wala sikutaka mtu aniongeleshe.

Alipomaliza alinyoosha mgongo, akaangalia mkono wake. "Saa ngapi?" aliniuliza. "Hii ilikuwa imesimama." Nikamtajia, akavuta kitufe kidogo cha pembeni mwa saa kwa kucha, akairekebisha.

Kesho yake hakuniuliza saa. Aliniuliza nani alifunga lango ovyo, kwa nini chai haina majani, na gambuti zake ziko wapi. Alfajiri alikuwa ameshapitia kwenye mwanya. Mchana alikata nepia kidogo kwa panga, mkono wa kushoto, mstari mmoja tu wa majani, akapumzika, akarudi. Mimi nilikaa mlangoni nikimenya viazi na kuumauma ulimi. Kila alipoinama nilimwona amelala kwenye matope. Lakini niliumauma tu. Alianza kunituma huku na huku, nikatumwa, nikafoka, naye akafoka zaidi, na ilipofika Ijumaa tulikuwa tumegombana vizuri kama zamani.

Jumamosi ndugu yangu alifika akamkuta kwa jirani, mikono ina povu la maziwa. Baba alijifuta kwenye suruali na kumpa mkono. Ndugu yangu aliushika, asiuachie. Aliugeuza taratibu, akainama, akaweka sikio juu ya saa, kama tulivyokuwa tukifanya sisi wawili tukipigania zamu. Alisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa mekundu, na Baba alijifanya anatafuta kifuniko cha ndoo.

"Hii sakafu ya zizi lazima tuweke simiti ya kukwaruza, mtu asiteleze," ndugu yangu alisema. "Na chuma ya kushikilia, hapa na hapa." Halafu akamvuta mama jirani kando, wakaelewana bei, na siku hiyo hiyo ng'ombe alirudi kwetu akipitishwa barabarani, maana mwanya ule haumtoshi. Yule mtu wa kukodi shamba alipigiwa simu asije. Sikusema, "Si nilikwambia?" Nilisema mara moja tu, kwenye gari, na ndugu yangu akakubali kwamba nina haki.

Sasa Baba anaishi Kapseret. Kuna mfanyakazi, mtu mzima kutoka upande wa magharibi, ambaye hubeba ndoo nzito na kusafisha zizi, na wote wawili hubishana kuhusu mpira. Dawa za presha anameza. Kukamua ni kazi yake na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Mimi nilirudi kwenye duka langu na droo yangu, na naweza kusema sasa, bila kusitasita, kwa nini napenda vitu hivi. Watu wa kwetu hawasemi ukweli kuhusu hali zao. Ukimuuliza mtu habari yake, ni nzuri, hata kama amebebwa kwenye machela. Saa ya springi ndiyo pekee nyumbani inayojibu swali hilo kwa haki.

Kwa hiyo simuulizi Baba hali. Kila asubuhi nampigia simu na kumuuliza, "Saa ngapi huko?"

"Kwani Kapseret na Kimumu siku hizi ni nchi tofauti?" hunijibu, na mimi hungoja. Kisha hunitajia saa, na mimi huilinganisha na ya kwangu. Zikiwa pamoja, najua ameamka, amekamua, amekata majani. Akinitajia saa iliyopotea, nafunga duka na kuwasha gari. Hatujawahi kulizungumzia. Nilidhani ni ujanja wangu peke yangu.

Mwezi wa saba mwaka huu, katika ile baridi yetu ya kukata mifupa, homa ilinishika ikanilaza. Msaidizi alikuwa amekwenda kwao. Wanangu walipiga simu kutoka Nairobi nikawaambia ni mafua kidogo, ndugu yangu akapiga nikamwambia niko sawa, nina wageni. Nilijifunika blanketi mbili na sikuwa na nguvu ya kufika jikoni. Siku ya pili sikumpigia Baba. Siku ya tatu asubuhi simu yangu ililia, na ilikuwa yeye, mtu ambaye kwa kawaida huona kupiga simu ni kazi ya watu wa mjini.

"Jana hukunipigia," alisema.

"Nilikuwa na kazi, Baba. Duka lilijaa."

Akauliza, "Saa ngapi huko?"

Nikatoa simu sikioni nione kioo chake.

"Usiangalie simu," sauti yake ikasema kutoka mle mle kiganjani. "Angalia mkono."

Nilitoa mkono chini ya blanketi. Mishale ilikuwa imesimama kwenye saa fulani, sijui ya mchana au ya usiku, wala ya siku gani, na ule wa sekunde umelala kimya. Nilifikiria kumtajia saa yoyote ya karibu.

"Baba," nikasema, "imesimama."

Nilisikia ng'ombe nyuma yake, na ndoo ikiwekwa chini.

"Chemsha maji," alisema. "Nakuja na maziwa."

Nilitaka kumwambia asithubutu kupanda pikipiki kwenye baridi ile, na presha yake na nyonga yake, lakini alikuwa ameshakata simu. Nikakaa kitandani, nikaweka miguu sakafuni, nikajikokota kwa kushika ukuta hadi jikoni. Nikainua sufuria ya maji kwa mikono miwili kuiweka juu ya jiko, na mshale wa sekunde ukaanza kutembea.